Mti, Mwezi na Kipimo: Mafunzo Niliyopata kwa Mganga wa Koni

Anayetafuta dawa ya kienyeji kwa kawaida huanza na jina. Mti gani unatibu tumbo? Jani gani linashusha sukari? Akishatajiwa jina anaaga na kwenda zake, akiamini amebeba elimu yote. Mimi nililelewa na mwanamke ambaye kwake jina la mti lilikuwa jambo dogo kuliko yote.

Bibi yangu mzaa mama, niliyemwita Kambo kama watoto wengi wa Katanga wanavyowaita wazee wao, alikuwa mtu wa miti huko Koni, kaskazini-mashariki mwa mji wa Likasi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wanaoijua Koni wanaijua kwa umeme. Mto Lufira unaporomoka pale, na mwaka 1950 mitambo ilianza kuzunguka kuongezea nguvu ile ya Mwadingusha, iliyo juu kidogo ya mto na iliyowashwa mwaka 1930. Umeme huo ulitengenezwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière. Lakini nje ya uzio wa mitambo kuna msitu wa miombo, na humo ndimo Kambo alimofanyia kazi maisha yake yote.

Mimi nilisomea uuguzi. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikipokea wagonjwa waliopita kwanza kwa watu kama yeye, wengine wakiwa wamesaidiwa, wengine wakiwa wamecheleweshwa. Nimeyapanga mafunzo haya kwa kufuata maswali aliyojiuliza Kambo kabla ya kugusa jembe: huu ni mwezi gani, hapa ni mahali gani, kiasi gani kinatosha, na je, huyu mgonjwa ni wangu? Sitataja kipimo cha kunywa cha dawa yoyote. Atakayefika mwisho ataelewa kwa nini.

1. Uliza mwezi kabla ya kuuliza mti

Mwaka wa Katanga ya juu una vipande vitatu. Mvua huanza Novemba, pengine mwishoni mwa Oktoba, na hukatika kufikia Aprili. Mei hadi Julai ni ukavu wa baridi, usiku blanketi moja halitoshi. Agosti hadi Oktoba ni ukavu wa joto, na anga imejaa moshi wa nyasi zinazoungua. Septemba, kabla ya tone la kwanza kuanguka, miombo huchipua majani mapya mekundu. Mgeni akiyaona hudhani msitu unakauka, kumbe ndio unaamka.

Kazi ya Kambo ilifuata vipande hivyo. Majani aliyachuma wakati wa mvua, yakiwa yamekomaa na hayajaanza kuliwa na wadudu. Maganda na mizizi aliviacha hadi ukavu. Sababu ya kwanza ni ya mikono tu: ganda lililotolewa Januari linakaa na unyevu, linaota ukungu kabla halijakauka, na dawa yenye ukungu ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Ganda la Julai hukauka kivulini bila tabu na kukaa hadi mvua zijazo. Sababu ya pili ni ya mti wenyewe. Mti wa miombo unaopoteza majani huhifadhi akiba yake chini, na wanakemia wanakubali kwamba kemikali za ndani ya mmea hupanda na kushuka kwa kadiri ya msimu. Kambo hakuwa na maabara, alionja. Mzizi usiokuwa mchungu kama alivyoujua aliufukia tena.

Kuna jambo nililochelewa kuelewa: msimu wa kuutambua mti mara nyingi si msimu wa kuuvuna. Mimea midogo ya miombo hutoweka juu ya ardhi wakati wa ukavu, ikabaki mizizi peke yake. Kwa hiyo Kambo alipita mwezi wa Machi, majani yakiwa bado yapo, akaweka jiwe au kijiti, ili Agosti ajue pa kuchimba. Miti mikubwa aliwafundisha vijana wakati wa maua. *Cassia abbreviata*, ambao Wabemba wanauita munsokansoka, hutoa maua ya njano mwishoni mwa ukavu, karibu bila jani hata moja. Mupapi, yaani *Securidaca longepedunculata*, hutoa maua ya zambarau majira hayohayo. Vijiti viwili vitupu vinaweza kukudanganya, lakini miti hiyo miwili ikichanua hata mtoto hawezi kuichanganya.

2. Ugonjwa nao una kalenda, lakini kalenda haipimi damu

Mtu wa miti anayefahamu kazi yake hangoji ugonjwa ufike. Kufikia Mei, chumba cha Kambo kilikuwa na majani ya mkalitusi na ya mchaichai kwa ajili ya kikohozi na mafua ya baridi. Kufikia Oktoba alikuwa amekausha maganda machungu ya homa, akijua kwamba maji yakituama mbu watazaliana. Majani machanga ya mpera hayakukosekana kwake mwaka mzima, maana mwanzo wa mvua ndio wakati uchafu wa vyoo unapoteremka kwenye visima na watoto wanaanza kuharisha.

Alitumia mwezi hata katika kumchunguza mgonjwa. Homa ya Februari na homa ya Juni hakuzipokea kwa namna moja. Ya kwanza aliishuku mbu, ya pili aliishuku kifua. Shuleni nilikuja kufundishwa hilohilo kwa maneno marefu zaidi.

Ila hapa elimu yake ilikuwa na ukingo, na ukingo huo ni muhimu. Katika mkoa wetu wa Haut-Katanga malaria haiishi kabisa wakati wa ukavu, na Kongo ni nchi ya pili duniani kwa idadi ya wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria. Homa ya Juni inaweza kuwa malaria, na homa ya Februari inaweza kuwa nimonia au homa ya matumbo. Kalenda inakuambia ushuku nini. Tone la damu kwenye kipimo cha haraka, kinachotoa jibu kwa dakika chache, ndilo linalokuambia ni nini. Vivyo hivyo kwa kipindupindu: mwaka 2008 kiliishika Likasi na Lubumbashi, na hakuna jani la mpera lililoweza kurudisha maji yaliyokuwa yakimtoka mtu kwa ndoo. Kilichookoa watu ni maji ya chumvi na sukari, dripu, na kuwahi.

3. Udongo huingia ndani ya dawa

Funzo hili sidhani ningelipata kwa uzito huu mahali pengine popote nje ya nchi ya shaba.

Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, ilizaliwa na madini. Viwanda vya Shituru vimesafisha shaba tangu enzi za Union Minière. Upande wa pili wa mji kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima. Maji ya eneo la viwanda hufuata mito kama Panda na Buluo, huingia Lufira, hutulia kwenye ziwa Tshangalele nyuma ya bwawa la Mwadingusha, kisha hushuka kupita Koni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote pengine.

Sasa tazama mmea. Hauna miguu ya kuukimbia udongo uliomo. Hunywa kilichopo, na vumbi hutua juu ya majani yake. Kwenye vilima vya shaba vya Katanga huota mimea ambayo imezoea udongo unaoua mingine. Mmoja wao ni *Haumaniastrum katangense*, ua dogo la jamii ya mrihani. Watafuta madini walilifuata ili kujua shaba iko wapi, na wanaakiolojia walilifuata ili kupata mahali pa matanuri ya kale ya wafua shaba. Mimea kadhaa ya vilima hivyo inanukia vizuri, na asiyejua anaweza kuichuma akaitia kwenye chai.

Kambo hakujua neno kobalti, lakini alikuwa na sheria aliyoirithi: hachumi dawa kwenye kilima kisichoota miti. Vilima vya shaba huwa uchi, nyasi tupu katikati ya msitu, na wazee waliviona kuwa mahali pa mizimu. Baadaye aliongeza sheria yake mwenyewe: hachumi kando ya barabara ya malori ya madini, wala kwenye tope la ziwa.

Leo mji umepanuka na wauzaji wa dawa wameongezeka. Mzizi unaouzwa sokoni Kikula hauna alama ya ulikotoka, na muuzaji mwenyewe huenda ameununua kwa mtu aliyeuchimba mahali asipopajua. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo metali inavyozidi kukolea. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Liwe: umeuchimba wapi?

4. Mti unaosifiwa sana ndio wa kuogopwa

Mupapi una sifa kubwa kusini mwa Kongo, Zambia, na hadi Tanzania. Mzizi wake ukiukwaruza hutoa harufu kali ambayo kila mchezaji wa mpira anaijua, kwa sababu ni ileile ya dawa ya kuchua misuli. Kinachonukia ni methili salisileti, ndugu wa karibu wa aspirini. Watu huutumia kwa maumivu ya kichwa na ya viungo, na huweka mizizi yake ndani ya nyumba wakiamini inafukuza nyoka.

Mzizi huohuo umeua watu. Sumu yake inajulikana na imeandikwa katika nchi nyingi za Afrika, na tofauti kati ya kiasi kinachotuliza na kiasi kinachodhuru ni ndogo. Inabadilika pia kutoka mti hadi mti, kwa umri wake na kwa msimu. Kambo hakukubali kabisa unywewe. Kwake ulikuwa dawa ya nje: kupaka, basi. Wateja wakibishana naye alijibu kwa Kiswahili chetu cha Katanga: "Ile muti iko bukali. Haiko ya kucheza nayo."

Watu wengi huamini kwamba kitu kikitoka porini hakiwezi kumdhuru mtu. Mimi nimeshuhudia ini likishindwa kazi, na figo pia, baada ya vikombe vya "asili" vilivyochanganywa na mtu asiyemjua mgonjwa wala uzito wake. Mtoto wa kilo 9 na baba wa kilo 70 hawawezi kupewa kikombe kimoja. Kiwanda huandika miligramu kwenye kidonge. Mzizi haujaandikwa chochote, na ndiyo sababu nimekataa kutaja vipimo hapa. Kipimo kisichoambatana na mti uliopimwa na mtu aliyepimwa ni kubahatisha.

5. Namna ya kutengeneza ni nusu ya dawa

Kama unataka kuelewa jambo hili bila hatari, tengeneza munkoyo. Kila nyumba ya Katanga ilikijua kinywaji hiki, na Zambia wanakiuza hadi kwenye chupa za dukani. Unapika uji mzito wa unga wa mahindi. Unauacha upoe, ubaki na uvuguvugu. Ndipo unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, mmea wa porini wa jamii ya kunde, aina za *Rhynchosia* na jamaa zake. Baada ya muda si mrefu uji uliokuwa mzito unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu, ingawa hujatia sukari hata chembe. Unachuja, unauacha siku moja au mbili uchachuke kidogo, kisha unawapa wageni.

Mzizi huo una vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi kuwa sukari. Ukiutia uji ukiwa bado unachemka, joto linaviua na utabaki na uji wako mzito. Mzizi ni uleule, unga ni uleule, maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni joto tu.

Historia ya dawa ina mfano mkubwa wa jambo hilo. Miaka ya mwanzo ya 1970, mwanasayansi wa China Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea ambao kwa Kiswahili huitwa pakanga, *Artemisia annua*. Matokeo yalikuwa yakiyumba. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta kwamba yule mzee alielekeza mmea uloweshwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Tu Youyou akatambua kwamba moto ulikuwa ukiharibu dawa, akatumia njia ya joto dogo, na artemisinini ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Vidonge vya malaria tunavyogawa leo katika kila kituo cha afya cha Haut-Katanga vina mtoto wa mmea huo.

Hadithi hiyo ina upande wa pili ambao wauzaji wa chai ya artemisia hawapendi kuutaja. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo itumike kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, na dozi pungufu inaweza kuwafundisha vimelea kuizoea dawa. Utaalamu wa Ge Hong ulitukuka pale ulipopimwa.

6. Mila nyingine inalinda mti, nyingine inalinda moyo, na si lazima zote ziwe sayansi

Kambo alizungumza na mti kabla ya kuukata. Aliweka chini kipande cha pemba, ule udongo mweupe wa baraka, akataja jina la mgonjwa na shida yake. Jambo hilo halikuwa lake peke yake. Victor Turner, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu jinsi waganga wao walivyouhutubia mti kabla ya kuchukua dawa.

Ganda nalo alilitoa pande mbili tu, upande wa mawio na upande wa machweo. Mtaalamu wa misitu atakwambia mara moja faida yake: mti uliobanduliwa ganda kuuzunguka wote hufa, kwa kuwa chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena mizizini. Ukiacha vipande viwili vya ganda, mti unaendelea kuishi. Mila hiyo imelinda miti mingi kuliko mabango ya serikali.

Lakini nilipokuwa kijana nilitaka kila mwiko uwe na siri ya kisayansi ndani yake. Kwa nini kwenda kuchimba alfajiri bila kumsalimu mtu njiani? Nilitunga nadharia za umande na za jua. Kambo alicheka. "Ni heshima tu," alisema. Kuna mambo mtu hufanya ili akili yake itulie kwenye kazi iliyo mbele, na hiyo inatosha.

Kuna pia mila ambazo zinasaidia kukumbuka bila kuthibitisha tiba. Mulombwa, yaani *Pterocarpus angolensis*, ambao kwa Kiswahili sanifu ni mninga, ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kabisa. Kwa sababu hiyo, sehemu nyingi za ukanda huu umekuwa mti wa damu. Wandembu wanauita mukula, na wana matambiko ya Nkula kwa wanawake wenye matatizo ya hedhi na uzazi. Rangi hiyo inakufundisha kuukumbuka mti. Haikuambii kwamba unazuia damu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na saa hizo hazitoshi kuchemsha ganda. Kambo mwenyewe, aliyewazalisha wanawake wengi, aliagiza pikipiki kwanza, maneno baadaye.

7. Dawa nyingi tunazoziita za mababu zilitoka mbali

Mkalitusi ambao kila nyumba ya Likasi hujifukizia nao mwezi wa Juni ni mti wa Australia, ulioletwa na Wazungu. Mpera na mpapai ilitoka Amerika ya joto. Hata muhogo, ambao majani yake ndiyo sombe yetu, ulivuka Atlantiki. Kambo aliyachukua yote bila wasiwasi na kuyaingiza katika kazi yake kama yalikuwepo tangu uumbaji.

Hilo lilinifundisha kwamba tiba ya jadi ni elimu inayokua. Ilijaribu mimea migeni, ikabakisha iliyofaa. Kwa hiyo hakuna usaliti wowote ikiendelea kujifunza leo: ikikubali kipimo cha damu, ikiacha kuchanja chale wagonjwa wengi kwa wembe mmoja kwa sababu ya UKIMWI na homa ya ini, ikiacha kuwatia watoto wachanga maji ya pilipili na mizizi kwa njia ya haja kubwa. Kujifukiza nako kumekuwa na majeruhi wake: usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria inayochemka. Nimewafunga bandeji wengi.

8. Mganga mzuri anajulikana kwa wagonjwa anaowakataa

Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilizungumzia kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, kwa wenye UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wengine wakaacha dawa zao za hospitali. Babu, kama alivyoitwa, alifariki mwaka 2021. Magonjwa aliyoahidi kuyaponya yapo bado.

Ninaitumia habari hiyo kama kipimo. Akija mtu na kikombe kimoja cha kila ugonjwa, mwogope, haijalishi kinauzwa bei rahisi kiasi gani wala ni nani aliyeoteshwa ndotoni. Kambo aliwakataa wengi. Mtoto mwenye degedege hakumtazama mara mbili: "Ile haiko kazi yangu. Mumupeleke ku hospitali leo leo." Alisema hivyo katika kijiji ambamo wengi waliamini kwamba sindano humuua mtoto wa degedege. Aliwakataa wajawazito wa miezi ya mwanzo kwa karibu kila mzizi aliokuwa nao. Aliwakataa waliokohoa damu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Yeye mwenyewe alikuwa na presha, akanywa vidonge kila asubuhi mbele ya wateja wake, bila kujificha. Heshima yake haikupungua kwa hilo. Nadhani iliongezeka.

9. Mwambie muuguzi ulichokunywa, na wewe muuguzi usimkemee

Funzo hili ni la upande wangu wa meza. Mgonjwa anayejua atafokewa atanyamaza, na ukimya wake unaweza kumuua. Mwenye kisukari anayekunywa mizizi ya kushusha sukari pamoja na vidonge vya kazi hiyohiyo anaweza kuzimia kwa sukari kushuka mno. Anayetapika kwa sababu ya ganda alilokunywa jana anaweza kupewa tiba ya ugonjwa asiokuwa nao. Ndiyo maana swali langu huwa fupi na la kawaida: "Mama, nyumbani mumeisha kutumia dawa gani?" Naliuliza kwa sauti ileile ninayoulizia umri. Nikijibiwa, naandika kwenye kadi jina la mti kama mgonjwa alivyolitaja.

Serikali imekwisha kuufungua mlango huo. Sheria ya afya ya umma ya Kongo ya Desemba 2018 inaitambua tiba ya jadi, na tangu 2003 Afrika huadhimisha Siku ya Tiba ya Jadi kila tarehe 31 Agosti. Kilichobaki ni sisi kuzungumza kwenye vyumba vyetu vya matibabu.

10. Msitu ukiisha, majina hayatatibu mtu

Katika miaka ya 2010 malori yaliingia misitu ya Haut-Katanga kutafuta mukula mwingine, *Pterocarpus tinctorius*, ndugu wa mulombwa. Mbao zake nyekundu zilisafirishwa kupitia Zambia hadi China kutengenezewa samani. Mwaka 2019 mti huo uliwekwa katika orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, lakini vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kuona visiki tu. Kazi iliyobaki inafanywa na makaa. Lubumbashi na Likasi hupikia makaa, na matanuri yake hayachagui: mti wa dawa na mti wa kuni huungua pamoja. Bonde la Lufira lilitangazwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbehai mwaka 1982, lakini tangazo halimzuii mwenye shoka na njaa.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa msomaji mwenye mzee wa miti nyumbani. Kwanza, usiandike majina peke yake. Andika mwezi wa kuchuma, mahali, sehemu ya mti inayotumika, namna ya kuitengeneza, na hasa wagonjwa ambao mzee wako huwakataa. Pili, mti unaotumiwa mara kwa mara uupande karibu na nyumba, mbali na vumbi la mgodi, ili msitu upumzike. Tatu, mtoto akichemka homa, mpeleke apimwe kwanza siku hiyohiyo. Chai ya mchaichai itamngoja nyumbani, na baada ya kipimo atainywa bila hofu ya mtu yeyote.